Utamaduni wa Watoto Uanzie Darasani, Usingoje Mgeni Rasmi

Kila ifikapo tarehe 16 Juni, watoto wa shule za msingi katika wilaya nyingi za Tanzania hukusanywa uwanjani, ingawa mara nyingi siku hiyo huangukia katika likizo. Huandamana na mabango, huimba, hucheza ngoma, husoma risala mbele ya mgeni rasmi, na hotuba zikiisha hurudi makwao na njaa zao. Hiyo ndiyo Siku ya Mtoto wa Afrika. Risala husomwa na mtoto aliyeteuliwa kwa sababu Kiswahili chake ni fasaha. Yule ambaye Kiswahili bado hakijamkaa ulimini huteuliwa kucheza ngoma.

Asili ya siku hiyo yafaa ikumbukwe na kila mwalimu kabla hajawapanga watoto mistari. Tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga amri ya utawala wa makaburu ya kuwafundisha baadhi ya masomo, hisabati ikiwamo, kwa Kiafrikana. Polisi wakawafyatulia risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaifanya siku hiyo kuwa ya watoto wa bara zima. Kwa hiyo siku ambayo leo ni ya nyimbo na mabango ilizaliwa na ugomvi juu ya jambo moja la darasani, yaani mtoto afundishwe kwa lugha gani.

Tanzania haikukaa ukumbini ikitazama. Vijana wengi waliokimbia baada ya mauaji yale walipokelewa hapa, Serikali ikatoa ardhi Mazimbu, Morogoro, na chama cha ANC kikajenga pale shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na madarasa ya watoto wadogo pia. Majengo yale sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na yeyote apitaye Morogoro anaweza kuyaona. Nchi yenye historia ya namna hiyo haiwezi kuiadhimisha tarehe 16 Juni kama sikukuu ya kupiga makofi tu. Ina wajibu wa kujiuliza kama mtoto anayecheza ngoma uwanjani anaelewa anachofundishwa darasani.

Hapana mwenye akili timamu atakayelinganisha Kiswahili na Kiafrikana cha makaburu. Kabla ya Uhuru, mtoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika kila mmoja alikuwa na shule yake, na fedha za Serikali ziligawanywa kwa kufuata rangi za ngozi. Ubaguzi huo ulifutwa kisheria kuanzia tarehe 1 Januari 1962, lakini sheria peke yake isingaliwafanya watoto hao wazungumze pamoja. Kiswahili ndicho kilichowakalisha kwenye dawati moja. TANU ilikitumia kuwaamsha wananchi kutoka Mtwara hadi Bukoba, na mwaka 1967 kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. UNESCO ilipoamua, Novemba 2021, kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, ilichagua siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Heshima hiyo Watanzania wameitolea jasho.

Hata hivyo, lugha inayounganisha Taifa hujifunzwa. Mtoto hazaliwi nayo. Mtoto wa Kariakoo au wa Ng'ambo, Unguja, huingia darasa la kwanza akiwa tayari amegombana, ameomba na amedanganya kwa Kiswahili. Hakuna anayemhurumia kwa hilo wala hapana haja. Lakini wako watoto ambao siku yao ya kwanza shuleni ndiyo siku ya kwanza ya kuzungumzishwa Kiswahili kutwa nzima na mtu mzima wasiyemfahamu, mwenye chaki mkononi.

Ukanda unaoanzia Kondoa, ukapita Babati na Mbulu hadi Karatu na Ziwa Eyasi, ni mfano ulio bora kuliko wote. Hapo Warangi na Waisanzu husema lugha za Kibantu. Wairaqw, Wagorowa, Waalagwa na Waburunge husema lugha za Kikushi, ambazo ndugu zake ziko Ethiopia na Somalia. Wadatoga na Wamaasai ni Waniloti. Wasandawe wana lugha ya vidoko ambayo wataalamu wengine huihusisha na lugha za kusini mwa Afrika, na Wahadzabe, ambao idadi yao haizidi sana 1,000, wana lugha ambayo mpaka leo haijathibitika kuwa na undugu na lugha yoyote duniani. Wataalamu wa lugha hupataja mahali hapo kuwa pa pekee katika Afrika, kwa kuwa makundi yote makubwa ya lugha za bara hili yanakutana hapo. Juu ya hayo, kilimo cha vitunguu cha Mang'ola kimewaleta watu kutoka mikoa mingi, na watoto wao wamo madarasani humohumo.

Katika shule ya bonde hilo mwalimu wa darasa la kwanza huenda ametoka Kagera, Mbeya au Kilimanjaro. Mbele yake wamekaa watoto wengi kuliko madawati. Anaandika silabi ubaoni, watoto wanaitikia kwa sauti moja, na mtu apitaye nje ataona kuwa kazi inakwenda vizuri. Mtoto wa Kiiraqw kutoka nyumba ya mbali anaitikia pia, kwa sababu masikio yake ni mazima na silabi si ngumu kuigiza. Baada ya miezi michache anasoma sentensi nzima isemayo kwamba kikombe kiko juu ya meza. Anaisoma bila kosa. Akiulizwa kikombe kiko wapi, ananyamaza.

Ukimya huo ndio unaopasa kuwatia wasiwasi walimu na maofisa elimu, kuliko kelele. Mtoto mtundu huonekana. Mtoto aliyenyamaza huandikwa katika ripoti kuwa mzito wa kuelewa. Hufika darasa la tatu akiwa msomaji wa sauti asiyejua asomacho, na hapo masomo mengine yote, kuanzia Sayansi hadi Jiografia, humjia kupitia mlango uliofungwa. Wazazi wake huambiwa kwamba mtoto hana bidii. Baba, ambaye ng'ombe wake wanahitaji mchungaji, hahitaji kushawishiwa mara mbili.

Lawama hii haimhusu mwalimu aliyetoka mbali. Utaratibu wa kuwapeleka walimu katika mikoa isiyo ya kwao umejenga umoja kuliko hotuba nyingi, na wazee wengi wa leo waliona kwa mara ya kwanza mtu wa kabila jingine aliye mwema pale mwalimu mgeni alipokuja kijijini mwao. Kosa ni kumpeleka mwalimu huyo bila kumwambia neno lolote juu ya watoto atakaowakuta. Hupewa barua ya uhamisho, hupewa vitabu vikiwapo, lakini hapewi hata maneno 50 ya lugha ya mahali pale ya kumwezesha kuuliza mtoto anaumwa wapi.

Jambo hili halihitaji mfadhili wala semina ya wiki mbili katika hoteli. Shule yoyote ya bonde la Eyasi ina wanafunzi wa madarasa ya juu ambao ni ndugu wa hao wadogo na wanaosema Kiswahili safi. Mmoja wao akikaa na watoto wapya kwa nusu saa kila asubuhi katika muhula wa kwanza, akawaeleza kwa lugha ya nyumbani neno «juu» ni nini na neno «chini» ni nini, mwalimu ataanza somo lake akiwa na watoto wanaojua wanachoulizwa. Wako pia akina mama na wazee wa kijiji ambao wangekuja kwa fahari wakialikwa kwa adabu. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina inayopasa kuhifadhiwa na kutafitiwa. Mwalimu anayemfafanulia mtoto neno la Kiswahili kwa Kiiraqw anakijenga Kiswahili, maana anamwonyesha mtoto njia ya kukifikia. Lakini zimekuwapo shule ambamo mtoto huchapwa kwa kusema «kilugha» hata wakati wa mapumziko, na anayeshika fimbo huamini kwamba analinda umoja wa Taifa.

Na pengine adabu ianzie kwenye daftari la mahudhurio. Bado wapo watumishi wa Serikali ambao huwaandika Wadatoga kuwa ni «Wamang'ati», bila kujua kwamba jina hilo walipewa na Wamaasai na maana yake ni adui. Wahadzabe huitwa «Watindiga», au hutupwa katika fungu la «Wandorobo», neno ambalo nalo limetoka kwa Wamaasai, wakimaanisha watu maskini wasio na ng'ombe. Mtoto anayeitwa kila asubuhi kwa jina alilobuniwa na jirani yake amekwisha kujifunza somo moja kabla kengele haijalia, nalo si somo lililomo katika mtaala.

Sasa yatazamwe hayo yanayotendeka siku ya sherehe. Habari ikifika kwamba mgeni rasmi anakuja, masomo husimama. Watoto hufagia uwanja, hupaka chokaa mawe, hufanya mazoezi ya ngoma siku tatu au nne. Siku yenyewe hukaa juani tangu saa mbili asubuhi wakimsubiri mtu atakayefika saa sita. Mtoto wa Kihadzabe, ambaye darasani haulizwi kitu, hupewa upinde na ngozi na kuwekwa mstari wa mbele, kwa kuwa anapendeza katika picha. Mtoto wa Kidatoga hurukaruka. Mgeni hufurahi, husema maneno mawili matatu juu ya utajiri wa mila za Watanzania, kisha huondoka. Jumatatu upinde hunyang'anywa, kwani ni silaha, na mtoto hurudi nyuma ya darasa kuendelea na ukimya wake.

Hiyo si heshima kwa utamaduni. Afadhali mtalii, maana yeye hulipia anachokitazama na wala hadai kwamba anamwelimisha mtoto.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua kucheza ngoma za Wazungu lakini wengi wao hawakupata hata kusikia juu ya gombe sugu, mangala, konge au lele mama. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Walimu wengi walielewa kwamba shule zote zicheze ngoma, nazo zikacheza. Iliyosahaulika ni nusu ya pili ya maana yake, kwamba msomi aache kuwaona wazazi wake kuwa watu wasiojua kitu. Ngoma inaweza kuchezwa mwaka mzima na dharau ile ile ikabaki palepale. Leo watoto wa Kondoa huonekana wakicheza bugobogobo ya Usukumani kwa ustadi, na hilo ni jambo la kufurahisha, kwani ngoma ya Msukuma ni mali ya kila Mtanzania. Lakini mwalimu wao akiulizwa Warangi huimba nini wakati wa kuvuna, huomba muda wa kwenda kuuliza. Na aende.

Maana elimu iko karibu sana na shule hizo. Kolo, wilayani Kondoa, ina michoro ya miambani ya kale ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wako watoto wanaoishi mwendo wa miguu kutoka hapo ambao hawajapelekwa kuiona hata siku moja katika somo la Historia. Mlima uliomomonyoka nyuma ya shule ni somo kamili la Jiografia: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika ili ardhi ipumzike. Babu za watoto hao ndio waliohamisha ng'ombe. Wanayo ya kusema, mengine machungu, na mtoto akiyaandika kwa Kiswahili chake mwenyewe atakuwa ameandika insha ya kweli badala ya kunakili ile ya «Siku Niliyofurahi».

Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walijulikana kwa kutumia samadi na kulima miteremko bila kuiacha imomonyoke muda mrefu kabla bwana shamba wa kwanza hajafika. Wadatoga humtambua ng'ombe kwa rangi na mabaka kwa maneno ambayo Kiswahili hakina. Mzee wa Kihadzabe hutazama nyayo mchangani akaeleza ni mnyama gani aliyepita, lini, na kama amejeruhiwa. Humfuata ndege mwonyesha asali hadi kwenye mzinga. Hayo ni Sayansi kwa jina lolote litakaloitwa. Mzee huyo akialikwa darasa la tano saa moja tu, mjukuu wake aliyekaa nyuma atageuka kuwa mkalimani wa darasa zima. Huenda hiyo ikawa mara ya kwanza kwa wenzake kusikia sauti yake.

Sherehe itokanayo na kazi kama hiyo ina sura nyingine. Shamba la shule likivunwa, jambo ambalo Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililitaka na ambalo shule kadhaa bado hulitenda, kila nyumba inaweza kuleta namna yake ya kupika mahindi hayo hayo, na watoto wakaeleza. Vilevile Idd na Krismasi. Kondoa ina Waislamu wengi na Wakristo wa siku nyingi, na nyumbani watoto hualikana bila kuagizwa na mtu. Shuleni hutenganishwa katika kipindi cha dini, kila kundi na mwalimu wake, na ndivyo ipasavyo kwa mambo ya imani. Lakini mtoto wa Kikristo kujua kwa nini mwenzake hali mchana katika Ramadhani, na mtoto wa Kiislamu kujua Kwaresima ni nini, hakumbatizi mtu wala hakumsilimishi. Humzuia tu asicheke mahali pasipo pa kucheka.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yanafufua ukabila. Hofu hiyo ina msingi na haifai kudharauliwa, kwani mkoloni alitawala kwa kuwagawa watu, na Serikali ya Uhuru ilikuwa na sababu nzuri ya kuufuta utawala wa machifu. Isipokuwa ukabila ni kumpa mtu kazi, kiwanja au alama za mtihani kwa sababu ya kabila lake. Mwalimu wa Kichaga aliyejifunza salamu za Kidatoga hajafanya hayo. Shule isiyotaja makabila kabisa, huku mtoto wa kabila dogo akishindwa mwaka baada ya mwaka na wengine wakifaulu, ndiyo inayofanya ukabila, ijapokuwa haikukusudia. Wahadzabe wanalijua jambo hili kuliko wote. Tangu Serikali ilipojaribu kuwakalisha Yaeda Chini katika miaka ya 1960, wamekwisha kuona mipango mingi iliyoandikwa kwa ajili yao na michache iliyoandikwa pamoja nao, na watoto wao wanaotoroka mabweni husemwa kuwa wana asili ya pori. Hapana anayeuliza bwenini walisema na nani.

Liko pia suala la fedha. Serikali iliondoa michango ya lazima katika shule za msingi kuanzia mwaka 2016, lakini sherehe zimepata njia ya kuingia kwa mlango wa nyuma. Mahafali ya darasa la saba katika baadhi ya shule za mijini yamekuwa kama harusi, yana keki, mapambo, mpiga picha na nguo za kukodi, na mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga huambiwa asije au huja akakaa kando. Desturi hiyo sasa inashuka vijijini. Kamati ya shule inayokubali mtoto abaki nyumbani siku ya kuagwa na wenzake aliosoma nao miaka saba imesahau kazi iliyochaguliwa kuifanya.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umelipa somo la Historia ya Tanzania na Maadili nafasi yake, na sanaa na michezo vimo katika ratiba. Kwa hiyo mwalimu mwenye nia hana haja ya kuiba kipindi. Anachohitaji ni ofisa elimu atakayemuunga mkono. Ofisa afikapo shuleni na kumkuta mzee wa Kidatoga amesimama mbele ya darasa la nne na fimbo yake ya kuchungia, asiulize kwanza kibali kiko wapi. Na yeye mwenyewe, kabla ya kwenda kukaa kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, aingie darasa la kwanza bila kutangazwa, akae dawati la nyuma robo saa, amwombe mtoto aliye karibu naye amweleze kwa Kiswahili maana ya sentensi iliyoko ubaoni.

Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari. Kati ya sasa na siku hiyo mwalimu mkuu ana muda wa kutosha wa kupita katika madarasa ya juu na kuandika majina ya wanafunzi wanaosema Kiiraqw, Kidatoga, Kisandawe au Kihadzabe, na kuwauliza ni nani kati yao yuko tayari kuwahi nusu saa asubuhi.